Nilimtafuta fundi wa wanyama wasio na macho, nikamwonesha njia asiyestahili

Admin, mimi nifiche kidogo tu, lakini mwanamke nitakayemsimulia mfiche sana.

Nna miaka arobaini na saba, nnakaa Jang'ombe, kazi yangu kupokea wageni kwenye nyumba moja ya kulala wageni Mji Mkongwe. Nna mume mmoja na wanyama wa kioo mia moja na kumi na nne. Wanyama hawakoromi. Ni wadogo, wengine hawafiki kidole gumba: kaa, pweza, kuku, kima punju. Fundi anayeyusha fimbo ya kioo kwenye moto wa gesi, kisha anaivuta kwa koleo mpaka iote miguu. Kununua si raha yangu kubwa. Raha yangu ni kujua kila kimoja nani kakitengeneza. Sikusomea. Nna lenzi ya fundi saa niliyoachiwa na marehemu baba, na umbea niliozaliwa nao.

Mwaka jana nikaona dukani kaa hana macho. Kila kitu kimetimia, hata vinywele vya miguu, macho hamna. Muuzaji akasema katoka Uchina.

"Uchina wamesahau macho?"

"Bi mkubwa, unanunua au unahoji?"

Nikanunua. Kufungua kijiboksi, kaa kalazwa juu ya makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikichambuliwa, badala ya karatasi. Nikajua anayefunga anakaa shamba. Basi kila siku yangu ya mapumziko nikawa nazunguka mashamba ya viungo, na kioo sikiulizii. Nauliza gesi: nani anaishi peke yake na anabadilisha mtungi kila wiki? Mwezi wa pili wa kuzunguka, muuza gesi mmoja akaninyooshea kidole nyumba.

Alitoka mwanamke wa rika langu, koleo mkono wa kushoto.

"Nani kakuleta?"

"Mtungi wako."

Akacheka, halafu akafunga mlango. Safari ya tatu ndio akanikaribisha. Aliniambia macho hatii kwa sababu anaogopa kuumba kiumbe kamili, asije Kiyama akaambiwa akitie roho. Akaniambia pia kwamba mkono wake wa kulia haufungi ngumi, mumewe aliuvunja, ndipo akamkimbia kutoka bara. "Simu sina, uso wangu usiupige picha, jina usilitaje. Akijua nilipo, sina pengine pa kwenda."

Nikaapa. Na niliamini nimetimiza! Kwenye kundi letu la wapenda vioo niliweka picha za wanyama, na moja ya mkono wake wa kushoto umeshika fimbo. Jina sikutaja. Lakini nikaandika, kwa majivuno yangu, namna nilivyomfuatilia: makonyo, mtungi, yote. Watu wakanisifu, nikavimba.

Akaniandikia mwanamume mmoja, mstaarabu, kila siku anaanza na "Shikamoo Bi." Kasema na yeye anakusanya. Wiki mbili tunaongea, mimi nshakolea kama nimepata ndugu. Kaniuliza fundi yuko upande wa kati au kaskazini, nikamjibu. Nikamwambia hata ninapofanya kazi, aje aione lenzi. Jumanne akaandika: "Mkono wake wa kulia bado haufungi ngumi?"

Mkono wa kulia haumo kwenye picha hata moja. Wala sikuwahi kumwambia.

Nilikuwa mapokezi, mgeni ananiomba ufunguo, nikampa wa chumba cha watu. Nikamuuliza yule mtu: wewe nani? Akajibu: "Mwenye mke. Talaka hana. Usimwambie, nataka kumshtukiza Jumamosi."

Nshafuta picha zote, lakini njia nilishamchorea. Jana nikampigia muuza gesi, nikamwomba amfikishie habari.

"Dada, asubuhi kaja mtu kumuulizia mwanamke anayetumia gesi sana. Nimemwambia simjui. Mimi nauza gesi, ugomvi wa ndoa siuzi. Huko sifiki tena."

Ningekwenda mwenyewe. Ila tangu jana mchana kuna mwanamume kakaa barazani, anatazamana na mlango wa kazini kwetu. Anakunywa kahawa, kikombe cha tano, cha sita, hakuna binadamu mwenye kiu namna ile. Nikitoka anasimama. Nikirudi anakaa. Nimemwelewa. Nyumba hasa bado haijui, anangoja nikimbilie kumwonya mwenzangu nimfikishe mpaka mlangoni. Na nisipokwenda, atawapitia wauza gesi mmoja mmoja mpaka aipate, na mwenzangu yumo ndani anavuta kioo chake, hana habari.

Mume wangu kasema, "Si nilikwambia hao wadudu watakutia balaani? Mambo ya mke na mume yaache." Nimewaza kwenda kwa sheha wa huko, mkubwa wa mtaa wao. Nasikia ni mtu mwema, na wema wake ndio unaonitisha: atawaita wote wawili, awakalishe jamvini, awasuluhishe, na mtu aondoke na mkewe. Polisi nao lazima waniulize jina lake na anapokaa, na mimi midomo hii siiamini tena.

Leo Alhamisi. Nishaurini ndugu zangu, nimfikieje bila ya kumpelekea mtu wake? Lakini nakuombeni, kwenye maoni asiniulize mtu ni shamba gani. Atakayeuliza, ntajua ni yeye.