Mama Mdogo Alipocheka Ukumbini

Kikundi chetu cha maigizo pale Moshono kiliandaa mchezo kuhusu manesi wa Kiafrika waliokwenda Ulaya miaka ya mwanzo ya uhuru. Mimi, muuza vitenge wa Kaloleni, nilipewa nafasi ya nesi ambaye mgonjwa mzungu anakataa kuguswa naye. Nilifanya mazoezi ya kulia mpaka wateja dukani wakaanza kunipa pole.

Siku ya kwanza ukumbi ulijaa. Mgonjwa akausukuma mkono wangu, akapiga kelele aletewe nesi mwingine. Nikapiga magoti, machozi yakanitoka. Hapo nikasikia mtu anacheka safu ya mbele, tena kwa sauti. Alikuwa mama yangu mdogo, ambaye mwenyewe alifanya unesi Ulaya miaka mingi kabla ya kurudi kwenye migomba na kahawa yake huko juu Meru. Watu walipomwona bibi mzima anajifuta machozi ya kicheko, nao wakacheka.

Asubuhi mchambuzi wa redio alisema mchezo unagusa moyo, ila umeharibiwa na watazamaji wasiojua pa kucheka. Nikazima redio, nikapanda kwa mama mdogo, nimenuna.

"Shikamoo. Mbona jana ulinicheka?"

"Marahaba mwanangu. Nilimkumbuka mzee mmoja kule. Alinikataa hivyo hivyo, nikaenda zangu kwa wagonjwa wengine. Siku moja mwenzangu akamnyoa ndevu haraka haraka, akamwacha kama kuku aliyenyonyolewa nusu. Mzee akaniita mwenyewe: 'Sista, njoo unimalizie.'"

"Ukaenda?"

"Nilikunywa chai kwanza."

Nilicheka, kununa kote kukaisha. Kisha nikamuuliza kama alipokataliwa iliuma.

"Iliuma sana," akasema. "Ila magoti sikumpigia mtu."

Onyesho la pili tuliingiza habari ya ndevu, na mimi nikabaki nimesimama wima. Ukumbi uliangua kicheko, halafu nilipokaribia na wembe, mgonjwa akainua kidevu taratibu, watu wote wakanyamaza. Sikuhitaji hata tone la chozi.

Jumapili mchambuzi akasema safari hii tumeondoa uchungu kwenye historia. Tulikuwa tunamsikiliza jikoni kwa mama mdogo. Akaongeza sauti ya redio, akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyu apimwe joto," akasema, akanipakulia ndizi.