Wageni Wangu Ndio Hawa

Safari hii ilianzia kwenye kiti cha gari. Mimi ni dereva wa watalii, mkazi wa Maji ya Chai, na kazi yangu ni kuwapeleka wageni Momela wakaone twiga na maziwa. Alasiri moja nikirudi na gari tupu nilimkuta binti yangu Upendo barabarani, ametoka shule. Nikamfungulia mlango wa nyuma. Akagoma.

"Huko ni kwa wageni, baba. Mimi nakaa mbele na wewe."

"Leo mgeni ni wewe," nikamwambia.

Akacheka mpaka mkoba ukamdondoka. "Mimi? Mgeni si ni mzungu!"

Iliniuma, siwafichi. Mtoto wa miaka saba, aliyezaliwa chini ya mlima huu wa Meru, ameshajua kiti kipi si chake! Nikaapa palepale: haki ya Mungu, mtoto huyu atatalii. Atapanda meli, ataiona ile ngome ya Unguja ambayo wageni wangu hunisimulia kila mwaka wakati mimi naitikia tu "ee, ee" kama niliyewahi kufika.

Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye anayetunza shamba la kahawa la baba yetu, alinijia juu. "Likizo watoto wanachuma kahawa. Utalii ndio kazi yako, hiyo inatosha. Kinyozi hajinyoi, mdogo wangu."

"Huyu kinyozi atajinyoa, kaka. Tena kipara!"

Mama yetu hakubishana. Alitufungia ndizi za kuchoma, akawavalisha wajukuu masweta mazito, maana alisikia baharini kuna upepo, na upepo anaoujua yeye ni ule unaoshuka kutoka Meru mwezi wa saba.

Asubuhi ya safari tuliondoka na basi: mimi, mke wangu, Upendo na mdogo wake Elia wa miaka minne. Njia nzima Elia aliuliza kama bahari ni kubwa kuliko ziwa la Momela. Dar es Salaam tulilala kwa shemeji yangu, na watoto waligoma kabisa kuvua masweta, ati bibi alisema. Walitoka jasho hadi shemeji akanionea huruma kwa kuzaa watu wabishi. Wamerithi, nikamjibu.

Kesho yake tukapanda meli. Mbele yetu alikaa mama mmoja wa makamo, mwenyeji wa Unguja. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akatutazama mmoja mmoja na mizigo yetu.

"Mnakwenda harusini au msibani?"

"Hatuna harusi wala msiba, mama. Tunakwenda kutembea."

"Kutembea tu? Na watoto wote hawa?"

"Kutembea tu."

Akatikisa kichwa, akampa Elia pipi. Muda si mrefu Elia aliitapika juu ya sweta la bibi, na hapo ndipo lilipovuliwa. Upendo yeye alishika reli, macho kwenye maji. Nikasema moyoni, subiri tu mwanangu, bado ngome.

Unguja, kutoka bandarini, tulitembea kwa miguu hadi Ngome Kongwe. Kuta zake ni ndefu, nyeusi kwa ukungu na umri, na zinaitazama bahari. Mimi, kwa kutaka kupendeza, nilikuwa nimevaa shati langu la kaki la kazini, lililopigwa pasi vizuri. Mlangoni akatupokea kijana anayetembeza wageni.

"Karibu, dereva! Wageni wako wako wapi?"

"Wageni wangu ndio hawa."

Akacheka kwa adabu, akidhani namtania. "Haya, hawa waingie wazungukezunguke. Madereva huwa wanapumzika pale barazani, kuna kivuli kizuri."

Jamani, mazoea! Miguu yangu ikaenda yenyewe. Nikakaa barazani, kofia gotini, kama ninavyokaa nje ya kila hoteli wageni wangu wakila. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta dereva mwingine wa kupiga naye soga. Ndipo Upendo alipogeuka, yuko ndani ya lango tayari.

"Baba, huingii?"

Akarudi, akaja kukaa pembeni yangu barazani. "Basi na mimi nasubiri na wewe."

Mke wangu hakumung'unya maneno. "Baba Upendo, umetuvusha bahari nzima ili umfundishe mtoto kukaa nje?"

Nilisimama kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nikamfuata yule kijana. "Ndugu yangu, tutembeze. Sote wanne. Tena polepole, uyaseme yote unayowaambia wale wa kutoka mbali."

Akanitazama shati, akamtazama Upendo. "Samahani, kaka. Karibuni wageni."

Na kweli alituzungusha. Alitueleza kwamba hapo palikuwa na kanisa la Wareno, Waarabu wa Omani wakawafukuza wakajenga ngome, na baadaye ikawa gereza. Elia akabandika shavu ukutani kupoza joto. Upendo akauliza, "Wafungwa walikuwa wanaiona bahari?"

Kijana akakuna kichwa. "Mgeni wangu, hilo sijawahi kuulizwa. Nitauliza wazee."

Mgeni wangu! Mwanangu akanyoosha shingo, maswali yakamtoka kama mahindi kwenye gunia lililotoboka, na mimi nikauliza ya kwangu, kwa sauti kubwa, hata watalii wengine wakageuka. Wageuke tu.

Tulirudi tukiwa tumeungua jua, na kaka akaniuliza nimeleta nini kutoka huko. Nikamwambia sikwenda sokoni.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa naosha gari uani, mlima uko wazi. Upendo akaja, akafungua mlango wa nyuma bila kuuliza, akapanda, akakaa katikati ya kiti. Nikafurahi, nikaendelea kusugua tairi. Akagonga kioo.

"Baba, acha hiyo kazi. Na wewe njoo ukae huku."

Miaka yote ninayoendesha gari lile sikuwahi kukaa nyuma. Nikafuta mikono kwenye suruali, nikapanda.