Baba Mdogo Kwenye Shuka la Makambako

Wiki iliyopita wajukuu zangu walikuwa wakitazama televisheni, ikatangazwa kwamba mchekeshaji mmoja wa filamu amefariki. Palepale akatokea mwenyewe kwenye kioo, anakula ndizi na kucheka. Wakacheka naye. Mimi nikainuka kwenda kuangalia kama mlango wa nyuma umefungwa, ingawa ilikuwa saa kumi ya alasiri na mlango ule hauna shida yoyote. Ndivyo nilivyo. Akifa mtu wa filamu wanamwonyesha akitembea na kuongea kana kwamba hakuna lililotokea, nami kabla ya kumtazama huwatazama kwanza waliomo chumbani. Nataka kujua ni nani kati yao ambaye hajaambiwa.

Tabia hii niliipata Makambako, wakati wa Mwingereza, nikiwa msichana wa miaka kumi na sita.

Tulikaa Kitandililo, kijiji cha karibu na hapo: baba, mama, mimi na bibi yangu mzaa baba. Kitindamimba wa bibi, ambaye kwangu ni baba mdogo, alikuwa Tanga akikata mkonge. Vijana wengi wa kwetu walikwenda huko. Walipanda lori Makambako wakiwa wamejifunga blanketi, wakarudi baada ya mkataba wakiwa na sanduku la bati na maneno mengi ya Kiswahili. Yeye hakurudi upesi. Aliongeza mkataba wa pili, halafu wa tatu, na badala yake zikaja barua.

Bibi hakujua kusoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nne kwa wamisionari, kwa hiyo barua zilikuwa kazi yangu. Nilizisoma kwa macho kwa Kiswahili, nikamwambia kwa Kibena. Barua aliyoipenda kuliko zote ilisema kwamba Mzungu mmoja wa serikali alifika shambani na mashine ya kupiga picha za sinema, akawapanga vijana mstari, akamchagua yeye kwa sababu ya meno yake mazuri, akampa koti avae. Bibi alinisomesha barua ile mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Meno, alisema, kayatoa kwangu.

Kisha ikaja barua ambayo haikuandikwa na yeye. Ilitoka kwa karani wa shamba la mkonge. Ilisema baba mdogo ameugua homa siku nne, amekufa, na amekwisha kuzikwa hukohuko.

Siku hiyo bibi alikuwa amelazwa hospitali ya misheni kwa kichomi. Kwetu habari ya kifo haitupwi mbele ya mama mtu kama kuni. Wakubwa hukaa kwanza, huchaguliwa mmoja wa kusema, na mama huambiwa asubuhi na mapema, amekaa chini, ana wanawake wawili kando yake wa kumshika. Kumwambia kitandani, tena anapumua kwa shida, ilikuwa ni kumuua. Baba akasema tungoje atoke. Alipotoka alikuwa mifupa mitupu, baba akasema tungoje ale ashibe. Aliposhiba ilikuwa wakati wa kuvuna, halafu ikawa shangazi karibu anajifungua. Sikumlaumu baba wakati ule na hata sasa namlaumu nusu tu. Kila asubuhi aliamka amekusudia kusema, na kila asubuhi bibi alimkuta mlangoni akamwuliza habari za ng'ombe.

Matanga tuliyafanyia Njombe, kwa shangazi. Bibi tulimdanganya kwamba tunakwenda kumsaidia kupalilia njegere. Mama na wanawake wengine wa ukoo walinyolewa kama ilivyo desturi, wakarudi Kitandililo na vitambaa kichwani. Bibi alipomvua mama kitambaa akakuta upara, mama akasema ni chawa. Bibi akasema Njombe siku hizi pamekuwa pachafu, na kwa wiki nzima alikagua kichwa changu mimi.

Watu wa kijiji wote walijua. Wote walinyamaza. Ukikutana nao njiani ukiwa na bibi, walimsalimu kwa sauti ya juu kupita kiasi.

Kisha bibi akaanza kuuliza mbona barua haziji. Siku moja baba aliniita nyuma ya zizi akaniambia niandike kidogo tu, salamu basi. Niliandika. Nilichukua bahasha ya zamani yenye stempu, nikatia karatasi yangu ndani, nikaisoma mbele ya jiko kana kwamba naiona mara ya kwanza. Katika miezi minane niliandika barua nne, na zote zilikuja kwa bahasha ileile. Ya kwanza ilikuwa na salamu tu. Ya nne ilikuwa na mbuzi ambaye baba mdogo amemnunua, jina la mbuzi, na jinsi mbuzi alivyokula kofia ya msimamizi. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Nilifurahi alivyocheka, na furaha hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yetu ilikatishwa na gari la sinema.

Gari la serikali lilifika Njombe kwanza, likaonyesha kwenye uwanja wa karibu na boma. Kesho yake, kabla hatujasikia lolote, mwanamke aliyekuwa akiuza ulanzi, pombe ya mianzi, njia nzima hadi Makambako alipita kwetu. Hakuwa mtu wa huku, hakujua kitu, na sinema yenyewe aliitazama kwa kupita tu. Akamwambia bibi kwamba amemwona mwanawe kwenye shuka jeupe, mkubwa kama mti, mzima wa afya, amevaa koti. Alimjua kwa meno, ambayo bibi alimsimulia kila alipopita kwetu. Bibi akaweka chini ungo aliokuwa akipepetea, akauliza gari linakuja lini Makambako. Ilikuwa keshokutwa.

Jioni hiyo shangazi aliteremka kwenye lori, mtoto mgongoni, akamvuta baba pembeni nami nikawafuata. Alisema wanawake waliokaa naye matangani walipomwona marehemu anatembea walipiga mayowe, wengine wakakimbia. Yeye mwenyewe alikimbia mpaka nyumbani na hakuona picha ilivyoishia. Alisema bibi asiende, kwa namna yoyote ile. Makambako watakuwepo watu wa Kitandililo wote, akitokea mmoja wa kulia, bibi atajua, tena atajulia uwanjani, mbele za watu, bila kuandaliwa.

Baba akasema basi kesho asubuhi tutamwambia. Kesho asubuhi tukakaa: baba, shangazi, mama, mimi. Bibi akaingia amevaa kitenge chake cha kanisani, ingawa sinema ilikuwa bado siku nzima mbele, akatuuliza kama ajitie mafuta usoni, kwa kuwa labda mwanawe naye atamwona. Baba akasema ajitie. Hayo ndiyo yaliyosemwa asubuhi ile.

Badala yake baba alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba watu, kwa heshima zote, wasilie. Wakakubali. Mimi nilipewa kazi ya kukaa ubavuni mwa bibi na kumfasiria Kiswahili cha kipaza sauti. Baba akaniambia nichague maneno.

Tulifika Makambako jua linazama. Upepo wa pale mnaujua. Shuka lilikuwa limefungwa kati ya miti miwili ya miwati na kila mara lilivimba kama tumbo, likarudi. Gari lilisimama mbali kidogo na injini yake ya umeme ikinguruma, na juu yake alikaa bwana wa kipaza sauti, kijana wa mjini mwenye tai, ambaye picha ikienda yeye ndiye aliyesema maneno. Niliwahesabu wanawake wa kwetu waliokuwa karibu. Nilimwangalia kila mmoja mdomo.

Baba mdogo akatokea. Sijui nilitegemea nini. Alitoka mlangoni mwa nyumba ya makuti, akapiga miayo, akacheka na mtu. Upepo ulivimbisha shuka na uso wake ukanenepa, ukakonda. Nikasikia mama ameingiza kanga mdomoni. Bibi akanyanyuka kidogo, akasema kwa sauti, "Kamwene." Ni salamu yetu. Alingoja aitikiwe. Watoto mbele walicheka, wakubwa wao wakawafinya.

"Koti lile si saizi yake," bibi akaniambia.

Hakuna aliyelia. Nilianza kupumua. Katika picha alikuwa mtu mkaidi anayekunywa maji ya mtoni bila kuyachemsha. Anaumwa tumbo, mkewe anamsihi aende kwa daktari, yeye anakataa na kumficha kila mtu. Bwana wa kipaza sauti akasema, "Mficha maradhi, kifo kitamuumbua." Hiyo sikuifasiri. Nilishaona inakoelekea, lakini tulikuwa katikati ya watu, na shuka halikuwa na mlango wa kumtolea bibi.

Akalala kitandani. Akafumba macho. Wakamzungushia sanda. Wakamteremsha shimoni, na majembe yakaanza kutupa udongo.

Bibi alisimama, akaweka mikono miwili kichwani, akalia. Ilikuwa sauti moja ndefu, na upepo ukaichukua. Wanawake wa Kitandililo, waliomfichia machozi miezi minane, walikaa kimya kama walivyomwahidi baba. Sijapata kusikia kimya kibaya kama kile.

Picha ikasimamishwa. Bwana wa kipaza sauti aliuliza mama yule ana nini, na mtu asiyetujua akajibu kwamba huenda ni mama yake yule wa kwenye picha. Kijana yule alifurahi kweli. Aliruka chini na tochi yake, akapita katikati ya watu, akapiga goti mbele ya bibi, akamshika mkono. Alikuwa na adabu, nisimseme vibaya.

"Shikamoo, mama. Usilie. Ule ni mchezo tu. Mwanao hakufa. Mimi nilikuwepo siku ile, tulipomaliza alitoka shimoni, akajikung'uta udongo, tukala wali pamoja."

Watu waliangalia chini. Bibi akanigeukia.

"Anasemaje?" aliuliza kwa Kibena.

Nilimtafuta baba. Nilimwona kwenye mwanga wa tochi, ananitikisia kichwa, na sikuelewa kama anakataza nisimwambie uongo wa kijana yule au nisimwambie ukweli wetu. Mpaka leo sielewi. Nilichofanya nilikifanya kwa woga, si kwa ushujaa. Niliogopa kuandika barua ya tano.

Nikamfasiria neno kwa neno. Nikasema anasema ni mchezo, kwamba siku ile alitoka shimoni, akajikung'uta, wakala wali. Bibi alisikiliza hadi mwisho. Aliutazama uso wangu, akawatazama wale wanawake, ambao siku nyingine wangemcheka bibi kizee aliyedanganywa na picha, na hakuna aliyecheka.

"Na sasa?" akaniuliza. "Sasa yuko wapi?"

"Sasa hayupo, bibi. Alikufa kwa homa. Wamemzika hukohuko Tanga."

Ndipo wanawake wakalia, wote kwa pamoja, kama waliofunguliwa. Kijana wa watu alibaki amepiga goti na tochi yake, akiuliza amekosa nini. Bibi hakulia tena. Mama na shangazi walimshika kila mmoja upande wake, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo, naye akawaacha wamshike.

Tulirudi Kitandililo usiku uleule. Kesho yake alinyolewa. Siku tatu watu walikuja kumpa pole, naye aliwaitikia wote, na baba alimwomba radhi mbele ya mchungaji, akamsamehe. Siku ya nne aliniita chumbani. Kopo lake la barua lilikuwa wazi, barua zote amezimwaga juu ya mkeka.

"Nitengee," alisema. "Zake huku, zako kule."

Nilipiga magoti nikazitenga. Zake zilikuwa saba. Zangu zilikuwa nne, na bahasha moja iliyochoka kona. Nilipofika kwenye ile ya mbuzi nilisita, yeye akainyooshea kidole.

"Na mbuzi?"

Nikamwambia mbuzi ni wangu. Nadhani ni mbuzi ndiye aliyemuuma kuliko yote, kwa sababu alikuwa amekwisha kumpenda. Alizirudisha zile saba ndani ya kopo moja moja, akalifunika. Zile nne alizikusanya, akazipanga sawasawa, akaniwekea mkononi.

"Hizi ni zako."

Hakunikasirikia. Alinipa chakula kama zamani, alinisuka nywele, alinicheka nilipounguza ugali. Aliishi nasi miaka tisa mingine. Lakini barua zilipokuja, za shangazi au za nani, alizifunga kwenye pindo la kitenge, akazipeleka kwa mke wa mwinjilisti, nyumba ya tatu kutoka kwetu, akasomewa huko. Mimi nilimwona akipita mlangoni, nimekaa jikoni, sina kazi.