Koti tulilojua baba mdogo kazikwa nalo, tulilikuta linauzwa sokoni Tukuyu

Wakuu, salaam kwenu, na shikamoo kwa waliotangulia kuliona jua.

Mimi humu ni msomaji tu, nyuzi za watu nasoma na kupita. Leo kuna mtu kaandika kwamba nguo ya mtumba haina mwenyewe, nikaona hapana, hili ngoja niseme. Sina sababu ya kuongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Ni enzi za ruksa, katikati ya miaka ya tisini. Sabuni na sukari hazikuwa za foleni tena, na mitumba ilikuwa imejaa soko la Tukuyu. Inamwagwa juu ya turubai, kila mtu anainama kuchambua.

Nilikuwa binti wa Form Three, naishi Masukulu kwa mama mdogo, Tumpale. Mumewe, yaani baba mdogo, alikuwa amefariki wiki chache nyuma.

Baba mdogo alikuwa na koti la sufu la kahawia alilorudi nalo kutoka migodini Zambia. Kanisani koti. Msibani koti. Mvua ikinyesha, koti. Alipozidiwa aliomba azikwe nalo.

Mama mdogo akalitoa sandukuni kwa mkono wake, akamkabidhi shemeji yake Gwakisa, mdogo wa marehemu. Gwakisa ndiye aliyeosha na kuvalisha, yeye na mzee mmoja jirani ambaye macho yalishaanza kumtupa. Wakati wa kuaga tuliona uso tu. Shuka ilivutwa mpaka kidevuni.

Kwa wasiojua: kwetu zamani mwanaume akifa, mdogo wake aliweza kumrithi mjane, pamoja na migomba na kahawa. Kanisa lilikataza, lakini wazee wa ukoo wana kanisa lao. Kikao kilipangwa Jumapili. Gwakisa alikuwa ameshaanza kuja kukata ndizi zetu bila hodi.

Mama mdogo hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Angemwambia nani?

Jumamosi tukaenda Tukuyu kununua mchele, sukari na mafuta ya kuwapikia hao wazee. Hebu fikiria, unawapikia watu wanaokuja kukugawa.

Tulipomaliza akasema tupite kwenye mitumba, mtoto wake wa mwisho atafutiwe sweta. Baridi ya Tukuyu mnaijua.

Nimeinama nachambua, nikashangaa mbona kimya. Mama mdogo ni mtu wa maneno, bei haiachi bila kuigombeza. Nikainua kichwa.

Alikuwa ameshika mkono wa koti lililotundikwa kwenye kamba.

Akaligeuza ndani. Mfuko wa ndani ulikuwa wa khanga ya njano, umeshonwa kwa uzi mwekundu. Khanga ile naijua. Kipande chake kingine tulikuwa tunaepulia sufuria nyumbani.

Wakuu, ndilo lenyewe. Nilichowaza ni kaburi kufukuliwa. Lakini kaburi liko nyumbani, nyuma ya migomba, na asubuhi ile tumelipita, udongo haujaguswa.

Muuzaji alikuwa mama mchangamfu, wanamwita Mama Zuhura. Akasema, "Hilo zuri, dada. Sufu tupu. Wala halikutoka kwenye belo, kuna kaka kaniletea, hana kidole hiki." Akanyoosha cha shahada. "Anasema ni la kaka yake, kanenepa halimtoshi."

Kanenepa.

Gwakisa kidole hicho hana. Alijikata na panga.

Mama mdogo hakulia. Alimwambia tu, "Niwekee pembeni." Kisha akanivuta kando. "Nenda kule gereji anakoshinda Gwakisa. Mwambie mzigo umenizidi, aje anibebee. Usiongeze neno."

Nimetumwa mengi maishani, ila kama ile safari hapana. Nilimkuta amekaa juu ya tairi anapiga soga. Akainuka kwa furaha kabisa, mjane kamwita! Njiani akaniuliza habari za shule, akaninunulia hindi la kuchoma. Sikuweza kulila. Nililishika mpaka likapoa, namwangalia ule mkono.

Tulipofika, Mama Zuhura ndiye aliyemwahi.

"Ee, karibu kaka! Koti lako limepata mteja, si huyu dada hapa. Kaka yako hajambo?"

Sura ya yule mtu ilibadilika nikaogopa ataanguka.

"Jibu, shemeji," mama mdogo akasema. "Unaulizwa kama kaka yako hajambo."

Gwakisa akatazama chini. "Shemeji, udongo ungelila bure."

"Ulimvua, au hukumvalisha?"

"Sikumvalisha."

"Kwa hiyo kalala na shati." Akaushika tena mkono wa koti. "Mvua yote hii, kalala na shati."

Mama Zuhura alipoelewa alishika kichwa, "Innalillahi!" Akalitungua koti na kumpa mama mdogo kwa mikono miwili, hakutaka kitu. Mama mdogo akamwachia mchele, sukari na mafuta, vyote.

"Chukua, mwenzangu. Mimi sina tena wageni wa kuwapikia."

Gwakisa alishapotea. Sweta hatukununua.

Jumapili wazee wakaja, wakakuta chai kavu. Gwakisa naye alikuja, nadhani aliamini mwanamke hatathubutu. Mama mdogo akatoka chumbani amelivaa lile koti, mikono imemfunika mpaka vidole. Akaketi.

Wazee wakalitazama koti. Mzee mkubwa wa ukoo akauliza taratibu, "Mwanangu, hilo si la marehemu?"

"Ndilo, taata. Muulizeni anayetaka kunirithi limefikaje kwangu."

Wote wakamgeukia. Gwakisa akasimama, akatoka, na kikao kikaishia hapo. Hakuna aliyezungumzia tena urithi, na ndizi zetu tukakata wenyewe.

Miaka ikapita, Gwakisa naye akafa. Mama mdogo akaenda msibani na blanketi jipya. Wanaume wakataka kulipokea mlangoni, akakataa, akaingia akamfunika mwenyewe, akachomeka kila upande kama unavyomchomekea mtoto.

Kisha akasema, "Nitasimama hapa mpaka mpigilie msumari wa mwisho." Na alisimama.

Nilichojifunza: mjane akinyamaza usidhani amekubali. Pengine anatafuta pa kuanzia.

Dada yangu mpaka leo anasema lile lilikuwa suala la polisi, na kwamba blanketi lilikuwa heshima asiyostahili. Mimi sijui. Ninyi mngefanyaje? Na wa Rungwe mliomo humu, mkiwatambua hawa watu, nawaomba majina mbaki nayo moyoni.