Mkuu wa Stesheni na Shukrani za Watu

Reli ile ilijengwa kwa ajili ya makaa ya mawe. Ilianzia machimboni, ikashuka ikizungukazunguka vilima, ikavuka mto kwenye daraja la chuma, ikaishia mjini ilikokutana na reli kubwa. Makaa yalipokwisha, mabehewa ya mizigo yaliondolewa, ikabaki treni moja ya abiria: asubuhi inashuka, jioni inapanda. Watu waliitania kwamba kofia yako ikianguka dirishani, unashuka, unaiokota, unaikung'uta vumbi, kisha unadandia behewa la mwisho.

Katikati ya njia palikuwa na stesheni ndogo: chumba cha tiketi, benchi na tangi la maji. Mkuu wake alikuwa mama mmoja mjane, na huyo huyo ndiye aliyekata tiketi, aliyefagia na aliyepunga bendera. Alikuwa ameolewa katika kijiji cha hapo. Mumewe alifariki mapema, na watoto wao wakaenda kusoma mjini, kwa dada wa mama huyo. Siku moja akiongea nao kwa simu, alimsikia kitinda mimba akimwita dada huyo "mama". Alicheka pamoja nao, lakini siku hiyo hakugusa chakula.

Aliomba uhamisho tena na tena. Jibu lilikuwa lile lile: maadamu stesheni ipo, lazima awepo mtu.

Ndipo akaja mkaguzi kutoka makao makuu. Ilikuwa msimu wa kulima, watu wako mashambani, jukwaa tupu. Mkaguzi akamuuliza kama treni ikiacha kusimama pale, kuna watu watakaotaabika. Mama akawakumbuka wote: wajawazito waliokwenda kliniki, wazee wa dawa za presha, na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, fundi cherehani aliyeshusha mafurushi ya sare za shule kwa treni ile.

"Ni wachache," akasema. "Na hao wanaweza kutembea hadi stesheni ya darajani."

Mavuno hayajafika, treni ikaacha kusimama. Yeye akahamishiwa mjini, kwenye chumba cha kutangaza treni.

Kilichomkata maini ni siku ya kuagwa. Watu waliamini kwamba aliwatetea mpaka wakubwa wakamchoka. Mzee mmoja alisimama akasema hivyo mbele ya wote, wakampigia makofi. Wifi yake akamvisha gauni jipya la buluu alilomshonea. Mama alitaka kusema ukweli pale pale. Badala yake akashukuru.

Mjini alilala nyumba moja na wanawe, na kitinda mimba akarudi kumwita mama. Lakini kila jioni alitangaza majina ya stesheni, na akifika pale palipokuwa pake, aliliruka jina. Wifi yake aliendelea kuja, sasa akitembea na furushi kichwani hadi darajani kupanda treni. Goti lilianza kuvimba. Mama alimkanda kwa maji ya moto, naye mgonjwa ndiye aliyembembeleza, akimwambia asijisumbue, alishawapigania kadiri ya uwezo wake.

Hakuweza kuvumilia zaidi. Alimfuata mkaguzi ofisini, akakiri kwamba siku ile alimdanganya. Mkaguzi hakukasirika. Alisema uamuzi ulikuwa umeelekea huko tayari. Neno la mama liliurahisisha tu. Maneno hayo hayakumpoza. Akaanza kwenda ofisi kwa ofisi, akangojeshwa kwenye viti vya ukutani, akaitwa msumbufu, mpaka wakakubali treni isimame pale siku za soko tu.

Wifi yake alikuja upesi kumletea habari, kana kwamba yeye hakuzijua. Kule nyumbani, alisema, watu wanamwombea dua. Mama akamkalisha, akamweleza yote, tangu swali la mkaguzi hadi jibu lake.

Wifi alikunja na kukunjua upindo wa kanga yake.

"Nilijua unataka kuondoka," akasema. "Nani asiyewataka wanawe? Sikujua utaondoka na treni."

"Nisamehe, wifi yangu."

"Kwa nini hukuniambia mimi? Ningekuja kukaa na watoto hapa mjini, na kila mwisho wa juma ningekuletea kwa treni. Cherehani inashonea popote."

Hilo halikuwahi kumpitia mama akilini. Wifi alimaliza chai yake, akaosha kikombe, akaaga kwa adabu.

Wifi hakufika tena nyumbani kwa mama kwa muda mrefu. Kijijini hakumwambia mtu. Dua ziliendelea kuja, na mama akazipokea zikimchoma. Halafu siku moja ya soko alimwona wifi akishuka kwenye behewa, furushi mkononi, akichechemea kidogo. Alikuja moja kwa moja hadi dirisha la chumba cha matangazo, akamwamkia kama mtumishi yeyote wa reli, akauliza treni ya kupanda itaondoka saa ngapi.

Mama akamtajia. Kisha akatoka nje, akalishika furushi lake. Wifi alilishikilia kwanza, halafu akaliachia, wakatembea pamoja hadi getini.