Nilivyouviringa Waya wa Kioo

Niliporudi Moroni na shahada yangu, ofisi iliyoniajiri ilinikabidhi kipimajoto kipya. Kilikuwa waya wa kioo, mwembamba kama mshipi wa kuvulia samaki, unaoingizwa kwenye tanuri ukabeba mwanga wa moto hadi kwenye kisanduku kinachosoma joto. Uwanja wa ndege, nikienda kukifunga kisiwa cha pili, mamluki mmoja wa Kizungu, katika wale waliomlinda rais, aliuvuta akauliza kama ni antena ya redio. Nilimwapia kwamba chombo kile nakijua vizuri.

Mutsamudu nilikifunga kwenye kiwanda cha mafuta ya ilangilangi, maua yanayochemshwa kutoa manukato. Mchochea moto, mzee niliyemwita babu, alipima moto kwa kusikiliza matone yakidondoka bombani. Mimi, kwa kuogopa mtu asijikwae, niliuviringa waya uliobaki duara dogo la kubana, nikautundika kwenye msumari.

"Babu, moto mdogo. Ongeza kuni."

"Huu? Utaunguza maua, mwanangu."

"Mashine ndiyo inasema."

"Mashine yako imewahi kupika hata wali?" Akacheka, akaongeza kuni.

Mafuta yalitoka yananuka moshi. Maua ya asubuhi nzima yakapotea. Tajiri mwenye kiwanda alipofika aliniuliza mimi, msomi, mashine ilisema nini.

"Ilisema moto mdogo," nikajibu.

"Basi baadaye mzee ameuacha moto ukazidi. Amezeeka huyu."

Babu alinitazama, akingoja. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema: mimi ndiye niliyemwambia aongeze. Nikaipanga, nikaipangua, nikawaza tajiri ataandika nini ofisini kwangu. Nilipoamua kusema, babu alikuwa ameshaambiwa asirudi kesho.

Niliporudi Moroni niliujaribu waya kwenye jiko la mkaa. Nikiunyoosha, joto kwenye kisanduku linapanda; nikiuviringa, linashuka. Kioo kikikunjwa sana mwanga huvuja njiani. Jambo hilo nililijibu kwenye mtihani, na nikapata alama zote.

Siku chache baadaye nilirudi Mutsamudu. Babu alinikaribisha mkekani, nikamweleza yote, hata habari ya mwanga kuvuja. Alisikiliza hadi mwisho.

"Tajiri umemwambia?"

"Bado, babu."

"Sasa mimi unaniambia ili iweje? Mimi nilikuwepo."

Nikasema naenda sasa hivi. Nilifika hadi kwenye lango la tajiri. Gari lake lilikuwa nje, na sauti yake niliisikia ndani, akizungumza na wageni. Nikajiambia si adabu kumkatiza. Nikasimama kidogo, kisha nikaenda kupanda ndege.