Mchaichai wa Maji ya Altare

Jumamosi zetu zilinuka wanga na pasi ya moto. Tulikaa Queensburgh, ghorofani, nyumba isiyo na kipande cha udongo, na mama ndiye aliyefua vitambaa vya altare vya kanisa letu dogo, kazi aliyoianza tangu tukiwa kwetu Bukavu, kabla ya kuhamia ugenini. Maji ya kwanza ya kuvilowekea hayamwagwi kwenye sinki, maana huenda yamebeba chembe ya Ekaristi, hurudishwa ardhini. Ardhi yetu ilikuwa ndoo kuukuu ya rangi pale kibarazani, na ndani yake mchaichai. Ulinawiri kwa kiburi, ukanukia hadi kwa jirani, nasi watoto tulikatazwa hata kuugusa.

"Hii haiko ya chai," mama alituambia. "Inakunywaka maji ya Bwana."

Nilikuwa na miaka tisa hivi padri wetu mzee alipostaafu, na hakupatikana wa kushika nafasi yake. Tukatangaziwa kwamba kanisa litafungwa na tutaunganishwa na parokia ya Pinetown, ambako padri mmoja tayari alihudumia makanisa mawili. Watu walinung'unika sana. Mama akawauliza, "Padri iko mumoja, makanisa iko tatu. Munataka ajikate?"

Akavipiga pasi vitambaa vyote, akavipakata kwenye teksi hadi Pinetown. Mwanamke aliyesimamia sakristia, chumba cha vifaa vya Misa, alivipokea kwa shukrani, akavifungia kabatini. Alisema kwa Kiingereza, nami nikamtafsiria mama, kwamba zamu za kufua zilikuwa zimejaa. Ikipatikana nafasi wangemwita.

"Umwambie nitangoja," mama akasema.

Hawakumwita. Hakuna aliyemkosea, na nadhani hilo ndilo lililomchosha zaidi, kwa kuwa hakuwa na wa kumlaumu. Mcheza kwao hutunzwa. Sisi kule tulikaa benchi la nyuma. Jumamosi aliendelea kuwasha pasi, akazitia wanga sare zetu za shule mpaka kola zikatukwaruza shingo.

Siku hizi nina nyumba yangu yenye udongo wa kutosha, na Misa ninakwenda nikipata nafasi, yaani mara chache. Ndoo ya mama bado ipo kibarazani, mchaichai unanyweshwa maji ya bomba. Nilipomtembelea juzi nilimkuta ameinama na kisu, anachuma. Akatia majani kwenye sufuria, akanimiminia kikombe. Nikakishika tu, nikashindwa kukipeleka mdomoni.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Iko majani tu."